Daftari la Machela

Kwetu Nyamihanga kilima hakina adabu.
Bodaboda huishia darajani, huzima, hugeuka.
Aliyeshindwa na miguu yake
huteremka kwa miguu ya wenzake:
wanne begani, wanne wa kupokezana,
mgonjwa katikati, ndani ya engozi,
machela aliyoisuka babake Bitarabeho
kabla mimi sijaota ndevu.

Kila nyumba ina zamu. Ukikosa, faini elfu tano,
na jina lako husomwa Jumapili, baada ya ibada,
umesimama kando ya mkeo.
Mimi sijawahi kusomwa.
Bega langu la kulia lina sugu kama kisigino.
Nililionea fahari.

Halafu mvua za Machi.
Tulimbeba mtoto wa Kebirungi, tukarudi naye hai.
Tukambeba mama mkwe wa Ndyabawe,
kuhara kumemkausha, mwepesi kama makapi ya mtama.
Tukabeba pacha mmoja wa Kebirungi mdogo, yule wa bondeni,
na kabla hatujafuta jasho tukapanda tena kumfuata wa pili.
Tulijua kila jiwe linaloteleza.
Hatukuuliza kitu.

Kuuliza ilikuwa kazi ya wengine.
Waliwahi kuja na gari jeupe, maswali arobaini,
wakatuachia kofia na pampu.
Pampu ilikufa na miezi saba.
Kibao chao bado kimesimama, kuku hulala juu yake.
Ilipokufa tulisema: pampu yao imeharibika.
Yao.
Na kuhara nako tulikutafutia mwenyewe mbali:
upepo, jicho la jirani, serikali.

Ni Kyarisiima, mweka daftari, aliyetuharibia Jumapili.
Tulimzoea akisoma wasiobeba.
Siku ile alisoma waliobebwa.
Polepole, kwa sauti ya mafua:
tarehe, jina, nyumba, mahali wanapochota maji.
Safari kumi na nne.
Kumi na mbili, Kanyonza. Kanyonza. Kanyonza.
Akafunga daftari, akanywa bushera yake.
"Sikusomea udaktari," akasema. "Nilisomea kujumlisha."

Mtu akakohoa.
Macho yakaanza kupanda,
kutoka chemchemi, kupita viazi, kupita matuta,
juu, juu zaidi,
mpaka kwenye zizi.

Zizi langu.

Ng'ombe sita, na choo ambacho kila mwaka
nilisema nitakichimba upya.
Nilitaka kusema mvua huosha kilima kizima.
Nilitaka kuwataja mbuzi wa Ndyabawe.
Nikajishika bega, lile lenye sugu,
likanikumbusha uzito wa yule pacha wa pili,
kwenda, na kurudi amefunikwa uso.
Nilikuwa nimebeba nilichokiteremsha mwenyewe.

Sikupata maneno mazuri. Nilisema:
"Jumanne nahamisha."
Hakuna aliyepiga makofi.

Jumanne walikuja na majembe.
Hawakuja kunisaidia, walikuja kuhakikisha.
Wakakuta nimeshang'oa nguzo tatu,
wakang'oa zilizobaki.
Wiki iliyofuata tukashuka Kanyonza:
mawe ya Ndyabawe, changarawe za watoto,
saruji iliyonunuliwa kwa faini za wavivu wa miaka mitatu.
Tulicheka hapo, kidogo.
Ukuta umepinda. Bomba linavuja upande wa kushoto,
na anayelikaza anajulikana, zamu imo daftarini.
Mimi ni Alhamisi.

Mvua za Septemba zimekuja na safari tatu:
mguu uliovunjika, uzazi, uzee.
Kyarisiima amechora safu mpya pembeni mwa majina.
Haina kichwa. Humo huandika tulichokikuta
tulipopanda kuangalia.

Asubuhi hii Kebirungi mdogo yuko bombani.
Hajanisalimu tangu Machi.
Mtungi wake unajaa taratibu, maji yanabadili sauti
yakikaribia shingo.
Ananyanyua, anapita.
Nami nakinga wangu.